Swali Ambalo Halikuwa Langu

Siku ile darasani tulikuwa hawa. Mwalimu Bukuru wa baiolojia, ambaye baba yake na marehemu mume wangu Zakaria walivuka pamoja kutoka Burundi wakiwa vijana, wakalala hema moja kabla hawajapata uraia na mashamba. Mama Petronila, muuguzi wa zahanati, aliyenifundisha kazi hii. Alikaa mlangoni kwa sababu ana pumu na anapenda hewa. Devota, mhudumu mwenzangu, binti wa Kasulu mjini, asiye na undugu na mtu yeyote pale, na jambo hilo nililishikilia sana. Wanafunzi wa kidato cha pili, wamejaa mpaka madawati ya nyuma. Kati yao mjukuu wangu Leokadia, mtoto wa binti yangu Imakulata, dawati la tatu upande wa dirisha, pamoja na Odeta wa Mzee Ntibanyiha, jirani yetu. Na mimi, Skolastika, mama Imakulata, nimesimama ubaoni na chupa yangu mkononi.

Nimeanza na majina kwa sababu ninyi vijana mliopokea kazi yangu mna tabia ya kuandika kwenye ripoti "wanafunzi walielimishwa". Wanafunzi gani? Wa nani? Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini majina hayanipotei. Mtu ukimjua jina lake na la mama yake, hakudanganyi kirahisi. Hivyo ndivyo nilivyoamini miaka yote, na mtaona nilivyodanganywa na mtu ninayelala naye chumba kimoja.

Nilizaliwa Kumsenga, upande wa Kibondo, kwenye nyumba ya pombe. Mama alipika urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, na watu walijua njia ya kufika. Nilijua kuvundika ndizi shimoni, kuzimenya, kuzikanda kwa majani mpaka juisi itoke, kuchuja, kutia mtama uliokaangwa ukasagwa, kufunika, kusubiri. Siku ya pili mama aliniita. "Skola, njoo uonje." Alinipa umuheha, ule mrija wa tete tunaonyonyea pombe mtungini, nikavuta kidogo, nikamwambia bado tamu, au imekolea. Ulimi wa mtoto haujaharibiwa na tumbaku wala miaka, kwa hiyo unasema kweli. Kila nyumba ya pombe ilikuwa na mtoto wake wa kuonja, na ilikuwa heshima, wenzako walikuonea gere. Mimi nilianza nikiwa na miaka kama saba. Wala hatukuita kunywa. Kunywa ni kukaa na wageni mkazungumza. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Niliolewa Makere, nikaja na mitungi yangu. Nilipikia harusi, vilio, ubatizo. Siku moja Mama Petronila akaja nyumbani, akaketi kwenye kinu kilicholazwa, akaniambia, "Mama Imakulata, natafuta mtu wa kwenda kuwafundisha watoto wa sekondari habari za pombe na tumbaku."

"Mimi ninayepika?"

"Wewe ndiye. Nikienda mimi na gauni jeupe wananiitikia ndiyo Sista, ndiyo Sista, halafu wanatoka. Wewe hawatakudanganya."

Alinipeleka semina ya wiki mbili, nikapewa begi, buti za mvua na daftari. Jambo la mimi kuendelea kupika hakuna aliyeliuliza. Nilipunguza, nikapika za sherehe tu, za kuuza nikaacha. Nilijiona nimekwisha kutubu.

Siku yangu ya kwanza darasani nilishika chaki kama mwiko. Niliandika POMBE ubaoni, herufi zikapanda mlima. Nikasema pombe ni mbaya kwa kijana, inaharibu ini, inaharibu akili. Kijana mmoja, Kasiani wa Bihanda, akanyoosha mkono.

"Bibi, shikamoo. Si wewe uliyepika kwenye harusi ya kaka yangu?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Ilikuwa nzuri sana."

"Umejuaje?"

Kasiani akakaa. "Niliambiwa."

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao, nikaendelea na somo. Nikikumbuka leo natamani nirudi nimshike shati. Umejuaje, Kasiani? Nilikuwa na mlango wazi mbele yangu nikaupita nikicheka. Ningeuingia siku ile, maneno yote yanayofuata yasingekuwepo, na Devota angekuja akute nimemaliza.

Sasa vifaa. Chupa yangu ya mapafu mmeiona wengi wenu. Alinionyesha Mama Riziki, Mkongomani wa kambini Nyarugusu, aliyekuwa anafanya uhamasishaji kule ndani na kuuza vitumbua jioni. Alinikuta sokoni nalalamika kwamba watoto hawanisikii. "Mama Skola, mambo mingi ya nini? Batoto banapenda kuona na macho yabo," akaniambia. "Leta chupa ya plastiki."

Unaijaza maji. Chini unatoboa tundu, unaliziba kwa kidole. Kwenye kizibo unatoboa tundu lingine, unachomeka sigara, na kwa ndani unaweka pamba safi. Unawasha, unaachia kidole. Maji yakitoka chini, chupa inavuta moshi kama mtu. Ukimaliza unatoa pamba, unaipitisha dawati kwa dawati, wanainusa. Mnaonunua pamba ya rangi mmekosea, inunueni nyeupe. Na madirisha yafunguliwe, Mama Petronila aliwahi kukohoa mpaka somo likafungwa.

Kifaa cha pili ni ute wa yai kwenye glasi. Unamimina gongo, ute unaganda mweupe kama umechemshwa, watoto wanashtuka. Mama Petronila alinionya mapema, "Usiwaambie ini linaiva hivyo, Skola. Waambie huo ni mfano. Ini linapata makovu polepole, miaka na miaka, bila mtu kusikia maumivu." Mimi nilipenda zaidi ile ya kuiva, lakini niliitii kweli. Mtoto akishakukamata na uongo mmoja, hata ukweli wako wote anautupa.

Nina kesi moja ya kujivunia, niruhusuni. Kagerankanda, kwa Mzee Zabroni, binti zake wawili, Adela na Jeni, walikuwa wanatapika kila asubuhi, vichwa vinazunguka. Mama yao alilia kwamba wana mimba wote wawili. Shangazi akasema wamelogwa. Muuza dawa aliwapa vidonge vya malaria, malaria hawakuwa nayo. Nilipofika niliangalia mikono yao, ina weusi wa utomvu, nikauliza, "Tumbaku mnaichuma saa ngapi?" Alfajiri. "Majani yakiwa makavu au na umande?" Na umande. Basi. Sumu ya tumbaku inaingia kwenye ngozi pamoja na maji, huhitaji kuvuta hata sigara moja. Nikawaambia wachume jua likishakausha majani, wavae mikono mirefu, wanawe kwa sabuni kabla ya kula, na wale walio shuleni wasichume kabisa. Baada ya juma moja kutapika kukaisha. Swali la umande lilikuwa langu. Hakuna aliyeninong'oneza. Liandikeni.

Nalisema kwa nguvu kwa sababu sasa anaingia Devota.

Alikuja na pikipiki. Alikuwa na cheti, kishikwambi chenye picha zinazotembea, na spika ndogo ya kuning'iniza begani. Aliandika ubaoni mstari ukanyooka kama umepigwa rula. Akisema "ubongo wa kijana bado unajengwa mpaka apite miaka ishirini," kalamu zote zilikuwa zinakimbia kwenye daftari. Mimi nilikuwa nimesema maneno hayohayo mwaka mzima, sikuona hata mmoja akifungua kalamu. Watoto walimwita Dada Devo. Mimi nilikuwa Bibi Chupa. Nilimsikia kijana mmoja akiwaambia wenzake uwanjani, "Leo Dada Devo kaua, yule ni noma," na mwenzake akajibu, "Bibi Chupa naye yumo, ila ana yale yale."

Ana yale yale. Nilirudi nayo nyumbani, nikala nayo ugali.

Mama Petronila akampa ufunguo wa kabati la dawa baada ya miezi miwili. Mimi nilisubiri miaka mitatu. Leokadia akaanza kusuka nywele kama za Devota, mistari inayorudi nyuma, na kusema "kiukweli" kila anapoanza sentensi. Nilijifariji na jambo moja tu. Devota hakujua majina. Msichana kwake alikuwa "mrembo", mvulana alikuwa "mwamba". Nilimhesabu kimyakimya, mwezi mzima alishika majina manne. Nikasema huyu watoto watamchoka.

Basi siku ile niliyoanza nayo. Nilifanya chupa, pamba ikatoka ya kahawia, wakanusa, wakakunja nyuso. Nikafanya yai. Halafu nikauliza swali nililouliza kila muhula: "Nani hapa amewahi kunywa pombe?" Hakuna mkono. Nikaandika sifuri kwenye daftari kama kawaida. Kwa daftari langu, Makere ilikuwa kata ya watakatifu.

Devota akainuka kutoka nyuma. "Bibi Skola, naomba niulize kitu kimoja."

"Uliza, binti."

Akawageukia watoto, akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia njia. "Nyumbani kwenu pombe ikipikwa, nani huwa anaitwa aonje kama imekolea?"

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Odeta. Wakafuata wa nyuma, wakafuata wa mbele. Walinyoosha kwa furaha, kila mmoja anataka kusema yeye ndiye mwonjaji wa kwao. Mwalimu Bukuru alinyanyua mkono wake mpaka kifuani, akakumbuka yeye ni mwalimu, akajikuna shingo. Leokadia aliniangalia kwanza. Halafu akanyoosha.

"Asanteni. Na nani, akishaonja, huwa anaongeza kidogo?"

Mikono mingi ilishuka. Mmoja wa iliyobaki ulikuwa wa dirishani, dawati la tatu.

Ningependa kuwaambia kwamba niliona aibu, au kwamba nilimwonea mjukuu wangu huruma. Hivyo vilikuja, lakini vilipanga foleni. Kilichofika kwanza kilikuwa wivu. Mimi ndiye niliyezaliwa kwenye nyumba ya pombe. Mimi ndiye niliyepewa umuheha nikiwa na miaka saba. Swali lile lilikuwa limelala nyumbani kwangu, kwenye jiko langu, na binti wa mjini asiyejua hata kumenya ndizi ya kuvundika akaliokota akapita nalo. Baadaye nilimuuliza alilipata wapi. Akasema alikuwa anangoja mvua ipite kwenye nyumba fulani, akaona mtoto anaitwa kuonja, akashangaa. Alishangaa tu. Mimi nilikuwa sijawahi kushangaa.

Jumamosi akaja nyumbani. Alisalimia vizuri, "Mwakeye, Bibi," kwa Kiha cha kuungaunga, akaenda nyuma ya jiko alikokuwa Leokadia anapukuchua maharage, akakaa naye chini, akaanza kupukuchua na yeye. Mimi nilisimama ndani na kijiko, sufuria haina kitu.

"Unaongeza kiasi gani?" nikamsikia.

"Zamani kidogo tu, Dada. Siku hizi Bibi akienda semina nachota kikombe. Kiukweli nikiamka mwili unataka kabla sijaenda shule. Nikikosa mikono inatetemeka kidogo."

"Bibi anajua?"

"Hajui."

"Mbona hukumwambia? Si ndiyo kazi yake?"

Leokadia alidondosha maharage kwenye ungo. "Nitamwambiaje? Yeye ndiye anayenipa."

Mtoto huyo nimemlea tangu mama yake Imakulata alipokwenda kutafuta maisha Tabora. Chumba kimoja, blanketi moja msimu wa baridi. Siri hiyo aliitoa kwa mtu aliyemjua kwa muhula mmoja, mtu aliyemwita mrembo.

Devota aliponiaga alisimama mbele yangu, mikono mbele kwa adabu. "Bibi, naomba Leokadia asionje tena. Mama Petronila atamwangalia hiyo mikono, nimeshaongea naye. Lakini nyumbani asionje."

"Mwana wanje, mimi nimekua kwenye pombe. Leo unanifundisha?"

"Sikufundishi, Bibi. Naomba."

"Kuonja siyo kunywa."

"Ini lake halijui tofauti."

Nilimpa kikombe cha uji, akanywa amesimama, akaondoka. Sikumsindikiza. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka njiani, naye alijua, maana alikuwa ameshajifunza hilo pia.

Wiki tatu zikapita. Leokadia alikuwa na karatasi ukutani, juu ya kitanda, anachora kistari kila siku. Sikuuliza ni ya nini. Nilijua. Kila Jumatano baada ya shule alipita zahanati kwa Mama Petronila, kisha anakaa barazani na Devota. Alikuwa anakula vizuri, macho yamekuwa meupe. Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi niliangalia vile vistari nikavihesabu kama ni vya Devota, kila kimoja nimenyang'anywa mimi.

Halafu Mzee Ntibanyiha akapata wageni wa posa. Dada yake Odeta alikuwa anaposwa na watu wa Kumsenga, kwetu nilikozaliwa, na wakaomba nipike mimi, mitungi miwili. Nikapika kwa moyo wote. Siku ya wageni kina mama walijaa jikoni kwangu, Mama Odeta mbele yao, mtungi umefunuliwa, harufu imepanda. Nikainama kuonja mwenyewe.

"Ehe," akasema Mama Odeta, "makubwa. Skola anaonja mwenyewe? Mtoto yuko wapi?"

"Yupo."

"Au amekatazwa na yule dada wa pikipiki? Nasikia siku hizi Skola akitaka kupika anaandika barua ya ruhusa."

Wakacheka. Mmoja akaongeza, "Mwacheni, bosi wake atamsikia." Ulikuwa utani, kesho yake wasingeukumbuka. Lakini ulinipiga palepale penye kidonda. Nikanyoosha kichwa, nikaita, "Leokadia. Njoo uonje."

Alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma. "Bibi, naomba leo aonje mwingine."

"Mwingine nani? Njoo."

"Bibi."

"Wageni wako njiani, mtoto."

Mjukuu hakatai umuheha unaotoka mkononi mwa bibi yake mbele ya kina mama. Mnaotoka huku mnajua. Alipiga magoti, akavuta. "Imekolea," akasema. Nikasema, "Mmesikia?" nikiwaangalia wao, simwangalii yeye. Kwa pembe ya jicho nikaona amevuta tena. Sikusema kitu, maana nilikuwa nimeshinda.

Wageni walifika, posa ikapokelewa, Mzee Ntibanyiha akavuta wa kwanza mbele yao kama inavyopasa ili wajue pombe ni salama. Walisifu. Watu wa kwetu walisema Kumsenga haijanisahau. Saa tisa alasiri Odeta akaja anakimbia kutoka migombani. "Bibi, Leokadia ameanguka, hajibu."

Tulimkuta chali kati ya migomba, jagi langu la plastiki limelala kando, matapishi mdomoni, mwili wa baridi. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtu anakufa. Aliyelewa hadi hajibu unamlaza ubavu ili asipaliwe, unamfunika, unabaki naye, unamkimbiza zahanati. Humwagii maji. Humlazimishi maziwa wala kahawa. Humwachi alale ati itamtoka. Nilikuwa nimelifundisha hilo miaka yote, nalijua kama sala. Siku ile nilisimama na beseni la maji mikononi, na aliyemgeuza ubavu alikuwa Odeta, kwa sababu alilisikia darasani. Kwangu au kwa Devota, sijawahi kumuuliza. Naogopa jibu.

Mtu alikuwa ameshampigia Devota. Pikipiki iliingia mpaka migombani. Devota akaendesha, Leokadia katikati, Odeta nyuma amemkumbatia. Mimi sikuwa na nafasi. Niliwaona wanatokomea kwenye kona ya kanisa, kisha nikatembea. Kutoka kwangu hadi zahanati kwa miguu yangu ni karibu saa nzima, na njia nzima niliomba mambo mawili. La kwanza apone. La pili naona haya kuliandika, lakini nimeahidi kuandika yote: niliomba akifumbua macho mimi niwe nimefika.

Sikuwahi. Nilimkuta ana dripu. Mama Petronila alisema sukari ilikuwa imeshuka vibaya, kwa watoto pombe hufanya hivyo, na tungechelewa kidogo angeanza degedege. Akanitazama.

"Ulimpa wewe?"

"Nilimpa mimi."

"Kaa pale."

Hakuongeza neno, na hajaongeza mpaka leo. Huyo ndiye mwalimu wangu.

Leokadia alikuwa amelala ameelekea upande wa Devota, vidole vyake viko kwenye kiganja cha Devota. Alipozinduka vizuri alisema, "Dada." Devota akamwambia, "Bibi yako yuko hapa, ametembea kutoka nyumbani," akainuka, akanipisha kigoda. Nilichukia alivyonipisha. Angenisema mbele ya watu ningejua la kufanya. Nikakaa. Mtoto akanishika kidole, akaanza kulia, akasema, "Bibi, karatasi yangu." Vile vistari. Nilimwambia tutaanza upya, nitachora mimi.

Nikachora. Kila asubuhi kabla sijawasha moto. Vya kwangu vilikuwa vimepinda na havilingani, na siku moja nikamkuta ananyoosha kimoja kwa rula, nikamwacha.

Pombe nikaendelea kwa muda, naonja mwenyewe. Ulimi wangu ulikuwa umeshachoka. Ubatizo wa mtoto wa Kasiani, yule yule aliyeambiwa ni nzuri, nilitoa pombe tamu kama juisi, wazee wakaondoka kabla jua halijazama. Wenye sherehe wakahamia kwa Mama Odeta. Nikatoa mitungi yote ila mmoja, ninaowekea maji ya kunywa.

Na sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Mwaka uliofuata walikuja wageni kutoka juu, wa kutengeneza kijitabu cha wahudumu. Mimi ndiye niliyekuwa na zamu ubaoni. Nilifanya chupa, nilifanya yai, kisha badala ya swali langu la sifuri nikauliza: nyumbani kwenu nani huitwa kuonja? Mikono ikainuka. Wageni wakatazamana. Mmoja, mwanamke mwenye miwani, akaniuliza, "Mama, swali hili umelitoa wapi?"

Devota alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma, anatazama.

Nikasema, "Nimezaliwa kwenye nyumba ya pombe."

Ni kweli kila neno. Akaandika. Kijitabu kilipotoka, ukurasa wa pombe ulisema swali hilo limetokana na uzoefu wa Bibi Skolastika wa Makere. Ndicho mnachotembea nacho kwenye mabegi. Tulipotoka darasani siku ile nilingoja Devota aseme chochote, nilikuwa nimeandaa majibu matatu. Aliwasha pikipiki, akasogea mbele kwenye kiti, akasema, "Bibi, panda nikufikishe." Nikapanda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Majibu yangu matatu nikashuka nayo nyumbani. Ni pikipiki nzuri, haitikisi.

Nimestaafu kwa sababu ya magoti. Devota amehamishiwa Kibondo, na nasikia huko sasa anajua majina ya watu na ya mama zao. Hilo nalo amelichukua. Leokadia anasomea uuguzi, mwaka wa pili, na hajagusa umuheha tena. Akifaulu mtihani anampigia Devota kwanza, halafu mimi. Najua kwa sababu huwa namuuliza, na siku hizi hanidanganyi.

Kwa hiyo chukueni kalamu, fungueni ule ukurasa, futeni jina langu, mwandike Devota. Na kama kuna niliyekosea jina la baba yake, au kama Odeta alikaa dawati la nne, au kama Mzee Zabroni mabinti zake walikuwa watatu, nitumieni ujumbe, herufi za simu zinanishinda macho, Leokadia atanisomea akija likizo, nitarekebisha bila kinyongo. Nimezeeka, yanaweza kunichanganya. Ila mawili msihangaike kunisahihisha. La umande ni langu. La kuonja ni la Devota, na hilo nalikumbuka vizuri, maana mpaka leo linaniuma.